Usilikate Gazeti: Shangazi wa Nyaraka Ajibu

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu kazi yangu hapa California, ya kupokea magazeti na majarida ya Wachicano, kuyapangusa vumbi, kuyaorodhesha na kuyaweka kwenye makasha. Barua zilizoingia baada ya hapo zimenifanya niahirishe maswali mengine yote ya mwezi huu. Nimepunguza urefu wa baadhi yake, lakini maneno ni ya wasomaji wenyewe.

Mama Shangazi, jambo sana. Mimi ni Mkongo, natumika kwenye ghala huku Phoenix, Arizona, na wenzangu wengi ni Wameksiko. Kuna mzee mmoja anayejiita Chicano. Ukimwita Mmeksiko anasema babu yake hakuvuka mpaka, mpaka ndio uliomvuka babu yake. Nyumbani kwake ana magazeti ya zamani ambayo hataki mtu ayaguse, anayatunza kama hati ya shamba. Hawa ni watu gani, na kwa nini walitaka magazeti yao peke yao? — Msomaji, Phoenix

Jambo ndugu yangu, na umfikishie mzee huyo salamu zangu. Anachokisema ni historia tupu. Februari 1848, baada ya vita, Marekani na Meksiko zilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Ukihesabu na Texas, ambayo ilikuwa imeshakwenda, Meksiko ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake, ikiwemo California nzima na sehemu kubwa ya hiyo Arizona unayoishi. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta ndani ya taifa jingine bila kuhama nyumba. Mkataba uliwaahidi uraia na ulinzi wa mali zao, ila mashamba yao mengi yaliwaponyoka kesi baada ya kesi. Wachicano ni wajukuu wa hao, pamoja na wa wale waliohamia baadaye. Jina lenyewe wazazi wengi waliliona la kudharauliana; vijana wa miaka ya 1960 wakalichukua kwa fahari. Kwa hiyo kwenye zamu yenu usishangae mmoja akijiita hivyo na mwenzake akakataa, na usimlazimishe yeyote.

Kuandika hawakuanza jana. Mwaka 1855, Los Angeles ikiwa bado mji mdogo wa vumbi, kijana wa miaka 18 aitwaye Francisco P. Ramírez alianzisha gazeti la Kihispania, El Clamor Público. Humo aliandika waziwazi habari za Wameksiko waliokuwa wakinyongwa na makundi ya watu bila kufikishwa mbele ya hakimu. Fedha zilimwishia, gazeti likafa 1859. Baadaye yakaja magazeti makubwa ya Kihispania yenye matangazo na wafanyabiashara nyuma yake, kama La Prensa la San Antonio la 1913 na La Opinión la Los Angeles la 1926, ambalo lipo mpaka leo.

Lakini hayo ya mzee wako, nadhani, ni ya namna nyingine, yaliyotengenezwa na watu waliokuwa ndani ya mapambano yenyewe. La kwanza ninalolipenda kupita yote ni El Malcriado, lililoanzishwa mwishoni mwa 1964 huko Delano, California, na César Chávez na chama chake cha vibarua wa mashambani. Malcriado ni mtoto aliyekosa adabu, anayewajibu wakubwa. Liliuzwa senti 10 kwenye maduka ya mitaani. Vibarua wengi hawakupata nafasi ya kukaa darasani, hivyo mchoraji Andy Zermeño aliwapa vibonzo vya watu watatu. Don Sotaco ni kibarua mnyonge asiyejua haki zake, Don Coyote ni wakala anayekata chake kwenye mshahara wa kila mtu, na Patroncito ni tajiri mwenyewe mwenye shamba. Mtu aliyetoka kuchuma zabibu tangu alfajiri alimtambua Don Coyote hata kabla ya kusoma herufi moja, maana alikuwa ameachana naye saa hiyo hiyo kwenye lori.

Septemba 1965 vibarua wa Kifilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma kwenye mashamba ya mizabibu ya Delano, na chama cha Chávez kikaungana nao siku chache baadaye. Mgomo ulikwenda mpaka 1970. Katika miaka hiyo, ukitaka kujua ni shamba lipi limegomewa na ni nani amekamatwa, ulisoma El Malcriado.

Mmoja wa waliofanya kazi pale Delano, Eliezer Risco, alikwenda Los Angeles, na mwaka 1967 yeye na Ruth Robinson wakaanzisha La Raza katika chumba cha chini cha Kanisa la Epiphany, mtaa wa Lincoln Heights, kwa msaada wa padri wa Kianglikana, John Luce. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani. Walikuwa wamechoka kuadhibiwa kwa kusema Kihispania, kuelekezwa ufundi badala ya chuo kikuu, na kusoma vitabu ambavyo watu wao hawamo. La Raza lilichapa madai yao. Karibu miezi mitatu baadaye watu 13 walishtakiwa kwa njama za kuvuruga shule, na miongoni mwao walikuwamo Risco na mwenzake wa gazetini, Joe Razo. Mashtaka yalifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 1970.

Sasa uliza magazeti makubwa ya mji yaliyaandika vipi maisha ya watu hawa kabla ya hapo. Mara nyingi walionekana kwenye ukurasa wa uhalifu tu. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka gazeti lao. Na mzee wako akikataa usiyaguse, mwombe akufungulie yeye mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Hao huwa wanangoja kuulizwa.

Shikamoo Shangazi. Nasoma sheria, mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Uligusia picha ya mlango wa baa iliyochapwa na La Raza, kisha ukaiacha hewani. Naomba unieleze: picha ya gazeti la mtaani iliwahi kuwa na uzito mbele ya sheria? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Ilikuwa na uzito, ingawa si ule ambao ungeutaka.

Tarehe 29 Agosti 1970 watu kati ya 20,000 na 30,000 waliandamana mashariki ya Los Angeles kupinga vita vya Vietnam, ambako vijana wa Kichicano walikuwa wakifa kwa wingi kupita idadi yao nchini. Waliishia bustani ya Laguna, familia zikaketi na watoto kwenye majani. Askari wakaja kuwatawanya, mabomu ya machozi yakapigwa, ghasia zikaenea hadi barabara ya Whittier. Ruben Salazar, mwandishi wa safu katika Los Angeles Times na mkurugenzi wa habari wa televisheni ya Kihispania ya KMEX, aliingia baa ya Silver Dollar kupumzika na wenzake baada ya kutwa nzima ya kazi. Askari wa sherifu, yaani polisi wa kaunti, alifyatua kombora la gesi, la aina iliyotengenezwa kupenya kuta, kupitia mlangoni. Lilimpiga Salazar kichwani na kumuua. Alikuwa na miaka 42.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama Raul Ruiz na Joe Razo wa La Raza, na kamera. Ruiz alipiga picha, moja baada ya nyingine. Nimeikodolea macho ile maarufu zaidi kwa kioo cha kukuzia. Askari amesimama kando ya njia, bunduki yake imeelekezwa mlangoni, na mlangoni pale kuna watu wamesimama. Hawana silaha. Mmoja hata hajageuka vizuri. Hakuna anayehitaji kuwa mtaalamu wa picha ili aelewe anachokitazama.

Picha hizo zilichapwa na La Raza, na Los Angeles Times nalo likazichapa. Ruiz aliitwa kutoa ushahidi katika uchunguzi wa hadhara wa kifo hicho, ambao ulirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, akahojiwa kwa ukali kama kwamba mtuhumiwa alikuwa yeye. Mwendesha mashtaka wa wilaya aliamua kutomshtaki mtu yeyote. Kwa hiyo ukiniuliza kama picha ilimtia mtu hatiani, jibu ni hapana. Mwaka 2011 ofisi huru ya kukagua kazi za sherifu ilifungua tena majalada. Haikukuta ushahidi kwamba Salazar aliuawa kwa kukusudiwa, lakini ilieleza makosa ya askari siku ile. Miaka 40 ilikuwa imepita, na watu bado waliweza kudai majalada yafunguliwe kwa sababu picha ile haikuwahi kutoweka machoni pao.

Hapo ndipo kazi ya hifadhi inapoingia, mwanangu, na naomba ulitie akilini kwa ajili ya kazi yako ya baadaye. La Raza liligeuka jarida mwaka 1970 na kufa 1977. Wapiga picha wake walibaki na negativu, yaani filamu za asili za picha hizo. Leo karibu picha 25,000 zimo katika Kituo cha Utafiti wa Masomo ya Kichicano cha UCLA, na kuanzia 2017 hadi 2019 jumba la makumbusho la Autry hapa Los Angeles lilizionyesha kwa umma. Luis C. Garza, mmoja wa wapiga picha wenyewe, alishiriki kuyaandaa maonyesho hayo. Negativu inakuonyesha kilichokuwa mbele ya kamera. Ukurasa wa gazeti unakuonyesha jambo la pili, yaani mhariri alichagua ipi, akaikuza kiasi gani, akaandika nini chini yake, akaiweka jirani na habari gani. Ukiwa wakili siku moja, mtu akikuletea picha iliyokatwa gazetini, mwambie akalete ukurasa mzima.

Shikamoo Shangazi. Marehemu baba alikuwa mwalimu Muheza. Ameacha sanduku la magazeti, Mambo Leo ya miaka ya 1950 na mengine ya baada ya Uhuru. Mchwa wameshaonja pembeni. Ndugu zangu wanasema tukate habari nzuri nzuri tuzibandike kwenye albamu, yanayobaki tuyachome. Hao Wachicano wako walihifadhi vipi? — Binti wa Mwalimu, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Waambie ndugu zako nimewaomba, kwa heshima zote, wasichome hata karatasi moja. Na mkasi uwekwe mbali.

Nikuambie kwa nini. Nimewahi kupokea gazeti la Kichicano la mwaka 1971 lililotoka kwenye karakana ya familia moja. Ukurasa wa mbele ni maandamano, picha kubwa, kichwa cha habari kimeandikwa kwa mkono kwa brashi. Mtu angeukata huo akatupa mengine. Nikaligeuza. Nyuma kulikuwa na tangazo la duka la mikate, tangazo la fundi magari anayewakopesha wanachama, na tarehe ya dansi ya kuchangia dhamana ya waliokamatwa. Pembezoni mwa tangazo la dansi, mwenye gazeti alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya watu na saa za kuwapitia kwa gari. Nilikaa na ukurasa ule mchana mzima. Habari ya maandamano unaweza kuisoma kwingine. Ni nani aliyempitia nani, dhamana ilichangwa vipi, na nani aliyatengeneza kwa mkopo magari ya watu waliokuwa kwenye orodha ya polisi, hayo yako nyuma ya ukurasa ule tu na hayapo mahali pengine duniani. Habari nzuri unayotaka kuikata kwa mkasi ina mgongo, na mgongo huo ndio mtafiti wa kesho atakaoutafuta.

Magazeti haya ya Wachicano yalibaki kwa sababu ya watu kama baba yako. Maktaba nyingi za wakati ule hazikuyaagiza. Yalichapwa kwa nakala chache, yakatoka wakati fedha zilipopatikana, yakabadilisha jina, namba za matoleo zikaruka. Mkutubi aliyezoea utaratibu aliona vurugu tupu. Walimu, vibarua na wanafunzi ndio waliyaweka chini ya vitanda. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kilipata maktaba ya masomo ya Kichicano baada ya mgomo mkubwa wa wanafunzi wa 1969, na wahusika wake wakaanza kukusanya kila gazeti lililopatikana kisha wakayapiga picha kwenye maikrofilamu, yaani filamu ndogo ya kuhifadhia kurasa. Bila wao sehemu kubwa ingekuwa majivu.

Sasa sanduku lako. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, na ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini. Mwanga na hewa vikikutana nacho, karatasi hutengeneza asidi yake yenyewe, inageuka rangi ya chai kisha inavunjika ukiikunja. Huwezi kuirudisha nyuma, unaweza kuichelewesha. Adui wako ni jua, joto, unyevu na mikono yenye haraka.

Yatoe magazeti yote nje ya sanduku hilo lenye mchwa leo hii, uyaweke mezani kivulini. Yenye ukungu yatenge na mengine, yapigwe na upepo wa feni iliyo mbali, usiyafute yakiwa mabichi. Makavu yapanguse kwa brashi laini ya rangi, ukianzia katikati kuelekea nje. Usinyunyizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Kwa mende na wadudu wadogo, yafunge magazeti makavu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uyaweke kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha uyaache yarudi kwenye joto la kawaida siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Mchwa hutoka ardhini, kwa hao dawa ni rafu ya chuma isiyogusa ukuta. Selotepu usiiruhusu ndani ya chumba hicho. Gundi yake huingia kwenye karatasi, na baada ya miaka hubaki doa la kahawia ambalo sisi wenye kazi hii tunashindana nalo kwa wiki. Kuyafunika kwa plastiki ya moto kama kitambulisho ni kuyaua.

Yalaze bapa, yasisimamishwe. Ukipata karatasi isiyo na asidi vizuri. Usipopata, karatasi nyeupe safi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila uturi kitasaidia kati ya toleo na toleo. Mahali pazuri ni chumba cha ndani, mbali na bati na jiko.

Halafu chukua simu yako. Weka gazeti karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, simu ikae sambamba juu yake, upige kila ukurasa, na matangazo, na ukurasa uliochanika, na ule ambao baba aliandika kitu. Kila picha uipe jina la gazeti, mwaka, mwezi, siku na ukurasa, siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Ukimaliza, waandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uwatajie ulichonacho. Wakitaka kupokea, ombeni hati inayosema wamepokea nini na familia itaruhusiwa vipi kuyaona. Na nikuombe kitu kimoja kwa faida yangu: angalia vizuri kama chini kabisa ya sanduku hamna toleo la Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah Dar es Salaam mwaka 1937, la Waafrika wenyewe wakati serikali ya kikoloni ilikuwa na Mambo Leo lake. Likiwemo, nipigie usiku hata wa manane.

Assalaam alaikum Shangazi. Nimeangalia picha za harakati hizo, naona wanaume wenye masharubu na kofia tu. Wanawake walikuwa jikoni? — Mama wa Mombasa

Waalaikum salaam dada yangu. Walikuwa kwenye taipureta, na jikoni pia, na walilalamika juu ya hilo kwa maandishi.

Mwaka 1968 Elizabeth Martínez, waliyezoea kumwita Betita, pamoja na wakili Beverly Axelrod walianzisha El Grito del Norte mjini Española, New Mexico, ambako wakulima walikuwa wakidai ardhi zao za tangu kabla ya 1848. Wengi wa waliolitengeneza walikuwa wanawake, na Enriqueta Vásquez aliandika humo safu ambayo watu waliisubiri. Liliandika juu ya maji, malisho, mapishi ya dawa za kienyeji na Vietnam, mpaka 1973. Los Angeles nako Francisca Flores alihariri jarida la Regeneración, akichukua jina la gazeti la Ricardo Flores Magón, mwanamapinduzi wa Meksiko.

Kwenye chuo cha Long Beach, mwaka 1971, Anna NietoGomez na wenzake walitoa Hijas de Cuauhtémoc. Waliandika waziwazi kwamba ndani ya harakati wao walipewa kupiga chapa na kupika, wanaume wakapewa kipaza sauti. Walitukanwa kwa kusema hivyo, wakaitwa wasaliti. Mwaka 1973 wakaanzisha jarida la Encuentro Femenil. Matoleo ya Hijas yalikuwa machache sana, na kama wenyewe wasingeyatunza tungekuwa tunasoma tu maelezo ya wale waliowatukana.

Kuna mradi wa kuhifadhi ninaouheshimu mno, Chicana por mi Raza, ulioanzishwa 2009 na Maria Cotera na Linda Garcia Merchant. Wanakwenda na mashine ya kuskani hadi nyumbani kwa bibi mwenye nyaraka, wanamrekodi akisimulia, wanaskani mezani kwake, na karatasi zinabaki kwake. Mama yake Maria, Martha P. Cotera, ni mkutubi na mwanaharakati wa Texas, na nyaraka zake zimo katika mkusanyiko wa Benson, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Kwa akina mama wa Pwani wanaoogopa vitabu vyao vya vyama na vikundi kuchukuliwa visirudi, njia hiyo ya kuskani mezani ingefaa sana. Ukiwa na kikundi kinachotaka kujaribu, niandikie, nitakuelekeza vifaa.

Hujambo Shangazi. Niko Nairobi, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Ninapotafuta kwa neno kwenye magazeti haya yaliyowekwa mtandaoni, napata matokeo machache sana, na mengine ni herufi za ajabu. Kihispania changu ni cha kubahatisha. Nifanyeje, na je, naruhusiwa kutafsiri makala? — Mtafiti, Nairobi

Sijambo. Tatizo haliko kwako. Kompyuta husoma ukurasa kwa kukisia maumbo ya herufi, na huwa imeambiwa itarajie lugha moja. Magazeti haya huanza sentensi kwa Kihispania, huimalizia kwa Kiingereza, na katikati hutia lugha ya mitaani ya vijana wao, caló. Vichwa vya habari vimechorwa kwa mkono, wino umepauka, safu zimepinda. Kichwa kilichochorwa kwa brashi mashine hukiona kama picha, basi hakimo kabisa kwenye utafutaji. Ndiyo maana unapata kidogo.

Kwa hiyo anza na faharasa zilizotengenezwa na watu. Wakutubi wa Kichicano, Richard Chabrán wa Berkeley akiwa mmoja wa vinara wao, walitoa Chicano Periodical Index, ambayo juzuu yake ya kwanza ya 1981 inashughulikia majarida ya 1967 hadi 1978. Vichwa vya mada vya maktaba kuu za Marekani havikuwatosha, wakaunda orodha yao wenyewe ya istilahi, Chicano Thesaurus, ili mtu anayetafuta habari za vibarua wahamaji au shule za lugha mbili azikute mahali pake. Maktaba ya chuo chako inaweza kukuombea nakala za kurasa kutoka maktaba nyingine. Ukishapata tarehe kwenye faharasa, rudi mtandaoni ufungue toleo lile na kulipitia lote kwa macho.

El Malcriado linapatikana bure kwenye mkusanyo wa nyaraka za harakati za vibarua unaotunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, na lina matoleo ya Kiingereza pia, kwa hiyo Kihispania kisikuzuie. Linganisha toleo la Kihispania na la Kiingereza la kipindi kimoja. Hayalingani kila mahali, na penye tofauti utajua mhariri alidhani anazungumza na nani. Nyaraka za chama chenyewe, barua, risiti na kumbukumbu za vikao, ziko mbali kidogo na mashamba yale: zimo katika maktaba ya Walter P. Reuther, Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit.

Kuhusu ruhusa: chini ya sheria ya Marekani, kilichochapwa humo kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki kwa kawaida hakina mwenyewe tena, na magazeti mengi ya mitaani hayakuweka tangazo hilo. Wahariri wenyewe, kupitia umoja wao wa Chicano Press Association, walikuwa wakiazimana makala, la Denver likichapa ya Los Angeles na kinyume chake. Hata hivyo tazama ukurasa wa ndani wa kila toleo, maana lenye tangazo, kama ni la 1964 hadi 1977, linalindwa kwa miaka 95. Picha zina hesabu yake. Nyingi zina mpiga picha anayejulikana au kituo kinachozisimamia, hivyo andika barua uombe. Hujibu. Taja toleo, ukurasa, na unataka kuitumia wapi, na usiombe picha peke yake: omba na skani ya ukurasa ilimotoka.